Mukeka Juu ya Matela

Ninyi vijana mnaouza matela za sponji, yaani magodoro, kando ya barabara, mkazisimamisha ukutani kama watu wanaosubiri daktari, mimi ndiye yule mzee anayepita akiminya moja kwa kidole gumba kisha anaondoka. Mnanipigia kelele: "Mzee, nunua ao wacha!" Sinunui. Kidole hiki kiliminya matela kabla baba zenu hawajaota meno. Mimi nimestaafu, chenyewe hakijastaafu.

Siku moja mmoja wenu aliniuliza, "Mzee, matela nzuri ni ipi?" Nilikaa chini bila kupewa kiti. Swali hilo nilikwisha kulijibu zamani, nikalijibu vibaya sana, nusura nivunje ndoa ya watu. Nawaeleza ninyi kwa sababu nanyi mtalijibu vibaya, na watakaokosa usingizi kwa jibu lenu ni mama zenu na wake zenu.

Sikuzaliwa katika kazi ya matela. Nilizaliwa katika kutotulia. Shule ya misheni, kule kaskazini ya Katanga, niliiacha mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni, kwa sababu nilisikia garimoshi limesimama kunywa maji na nilitaka kujua maji yanaingilia wapi. Yanaingilia juu, katika tangi lililo nyuma ya injini. Nilipokwisha kujua hilo, garimoshi lilikuwa linaondoka na mimi niko ndani. Ndivyo nilivyofika Elisabethville, jina la Lubumbashi siku za Wabelgiji.

Hapo mjini nilibeba magunia, nikaosha chupa za baa huko mtaa wa Kamalondo, nikalima bustani ya Mzungu mmoja nikang'oa maua yote nikaacha magugu, maana magugu ndiyo yaliyoonekana yana afya. Kila kazi niliiacha nilipokwisha kujua siri yake, isipokuwa ile ya bustani, ambayo yenyewe iliniacha mimi. Kazi ya matela ndiyo iliyonishika. Mnajua kwa nini? Fundi wa viti anaishia sebuleni. Fundi wa matela anaingia mpaka chumba cha kulala. Kwa mtu mwenye macho ya kutaka kujua kama mimi, huo ulikuwa mshahara wa pili.

Aliyenifundisha ni Baba Numbi, aliyekuwa akishonea barazani kwake Kamalondo. Mkewe, Mama Kabedi, mzaliwa wa Kasai, aliuza unga sokoni na kuniita mujinga bila hasira, kama vile mtu anavyoitwa Petro. Matela za wakati ule zilijazwa sufi, ile pamba ya mti, au maganda ya mahindi, au nyasi kavu kwa mwenye haraka. Sufi hupigwa kwa fimbo mbili juani mpaka ifumuke, kisha unatoa mbegu zote. Matela yangu ya kwanza sikutoa mbegu. Mwenye nayo aliirudisha akiwa ameifunga kamba, na ndani yake mna panya mzima aliyekuwa amenona. "Huyu hakukuwa mu bei," akasema. Baba Numbi alimtoa panya, akanipa fimbo zile mbili, akaenda kula.

Alikuwa na namna yake ya kushona. Matela kubwa aliigawa vipande viwili virefu, cha kulia na cha kushoto, akaviunganisha kwa uzi mnene nyumbani kwa mteja. Mimi niliuona huo ni uvivu. "Muntu hanunue nusu mbili," nikamwambia. Akajibu, "Matela nzima haipande kinga." Kinga ni baiskeli kwa lugha yetu ya hapa. Moyoni nikajiapia kwamba siku nitakayopata kazi yangu mwenyewe nitashona kitu kizima, kisicho na mshono katikati, watu wajue fundi amezaliwa.

Na nilikuwa na kipimo changu cha ubora. Matela ikiisha, ninalala juu yake. Nikipitiwa na usingizi, ni nzuri. Zote zilikuwa nzuri! Mimi siku zile niliweza kulala juu ya gunia la makaa, tena nikaota.

Basi mwezi wa saba mmoja, wakati baridi ya Elisabethville inauma vidole, Baba Numbi akiwa amesafiri kwenda msibani kwao, akaja mtu wa karakana ya reli anaitwa Baba Ilunga. Mtu mzima, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Njo weye wa matela?" akauliza, yaani kama fundi ndiye mimi.

"Njo miye, baba."

"Nataka matela ya kupita zote. Bibi yangu akilala pale, asishuke tena chini."

"Anashukaka chini?"

Alitazama nyuma, akatazama pembeni, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetaja deni. Mkewe, Mama Ngoie, waliyezaa naye watoto ambao sasa wenyewe wana watoto, alikuwa ameacha kitanda. Jua likizama wanapanda pamoja. Asubuhi anamkuta chini, juu ya mukeka, kwenye simenti.

Ninyi mtasema, basi tatizo nini? Tatizo ni kwamba kwetu, mwanamke anayeacha kitanda cha mumewe akalala kwenye mukeka chini ni mjane. Mukeka wa chini ni wa kilio. Mwanamke anayelala hivyo mume akiwa hai, anamlilia kabla hajafa. Majirani walikuwa wamekwisha kuona mukeka ukianikwa kila asubuhi. Shangazi zake Ilunga walikuwa wamekwisha kusema wanayosema shangazi.

"Nimetuma habari kwa kaka yake," akasema. "Atakuya na treni ya mwanzo wa mwezi. Akikuta angali chini, amurudishe kwabo. Siwezi kukaa na muntu ananizika kila siku."

Kwa hiyo ndoa nzima ilikuwa mkononi mwangu, mimi niliyemlea panya. Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nilifurahi.

Nilikwenda kupima kitanda. Mama Ngoie alikuwa amekaa mlangoni, na katika baridi ile, wakati mimi nimevaa mashati mawili, yeye alikuwa anajipepea na kifuniko cha sufuria. Shingo inang'aa jasho. Nikamsalimu, nikaingia. Dirisha limefungwa, tena limepigiliwa msumari. Pembeni kuna mbabula, jiko la makaa, bado ina majivu ya moto wa jana. Kitandani mablanketi matatu. Yote hayo niliyaona. Mtu asiyeona hana kosa, lakini mimi niliona, nikapima urefu, nikapima upana, nikaondoka.

"Pima muzuri," Mama Ngoie akaniambia nikitoka. "Kitanda hakina bugonjwa."

Nilidhani anasifu kitanda.

Nilijaza matela ile sufi ya matela mbili. Nzima, bila mshono katikati. Ilikuwa nene kama ng'ombe aliyelala. Niliijaribu barazani nikalala mpaka Mama Kabedi aliponimwagia maji akidhani nimekufa. Basi nikaona imefaulu. Kinga ilikataa kuibeba, kama nilivyokwisha kuambiwa, kwa hiyo nikaibeba kichwani kuvuka Kamalondo nzima bila kuona mbele. Mlangoni kwa Ilunga ilikwama, mimi nikiwa chini yake. Watu wa uwanja ule walivuta upande wao, nami nikasukuma upande wangu, mpaka mlango ukatutapika ndani sote, mimi na matela, mbele ya Mama Ngoie. Alitazama ile kitu kama mtu anavyotazama mgeni atakayekaa muda mrefu.

Siku chache baadaye Ilunga akaja barazani, uso umelala vizuri, moyo haukulala.

"Matela yako ni ya bafalme. Miye nalala sawa jiwe. Bibi angali chini."

Mngefanyaje? Mimi niliongeza sufi. Niliona kwamba bado haijamshika vya kutosha. Akarudi tena: bado. Hapo nikafikiri ni kunguni, nikaenda kuitoa matela juani, nikaipiga, nikachungulia kila mshono, nikanyunyiza petroli, yale mafuta ya taa, pembezoni kidogo. Mama Ngoie alisimama akinitazama, kifuniko mkononi.

"Unatafuta nini?"

"Kunguni, mama. Njo benye banakukatalia kulala."

"Weye mutoto," akasema polepole, "ulizaliwa na mama, ao ulizaliwa na matela?"

Nilifunga chupa ya petroli.

"Wenda uulize Mama Kabedi. Muambie: Ngoie anawaka. Atajua."

Nikaenda sokoni mbio, nikamkuta Mama Kabedi nyuma ya unga wake. Nikamwambia ujumbe, nikaongeza na yangu: unene wa matela, sufi niliyoongeza, kunguni ambao hawakuwepo. Alipofika kwenye petroli alishika meza. Alicheka mpaka unga ukamwagika, na jirani yake akauliza nini, naye akamweleza kwa Kiluba cha Kasai, wakacheka wawili, kisha safu nzima. Nilisimama pale kama mbuzi anayeuzwa.

Halafu akaacha kucheka, akanieleza, na nadhani ni mara ya kwanza mtu kunieleza mwili wa mwanamke bila kunifukuza. Mwanamke akifika umri wa Ngoie, damu ya mwezi inaanza kumuaga. Haiagi siku moja. Inakwenda, inarudi, inapita muda, na mwili katikati ya hayo unakosa kipimo cha joto. Moto unapanda kifuani, shingoni, kichwani, jasho linatoka, kisha baridi. Unampata popote, lakini kitandani ndiko unakomuamsha, na akishaamka moyo unaenda mbio na mawazo yote ya nyumba yanakuja kukaa naye.

"Ni bugonjwa?" nikauliza.

"Apana. Ni kupita. Lakini muntu anapita na macho wazi. Ila ukisikia damu imekauka, mwaka mzima, kisha inarudi, ile si ya mukeka wala ya matela. Ile ni ya kukimbia ku dispensere." Nimeyashika maneno hayo mpaka leo, nanyi yashikeni.

Nikamwambia treni ya kaka inafika Jumamosi. Akafunga gunia lake la unga. "Leta makasi," akasema. "Na leta maganda ya mahindi, yenye kukauka."

Ijumaa mchana tukafika kwa Mama Ngoie. Wanawake wawili wakakaa kivulini, wakaongea, na mara moja moja nikasikia Mama Ngoie akicheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo kwa dakika moja. Mimi niliamriwa kukata matela katikati kwa urefu wake. Matela yangu nzima! Nilishika makasi kama mtu anayechinja mbuzi wake wa arusi. Nilipofungua mshono, sufi yote ile niliyoishindilia ikapumua. Ikatoka kama maziwa yanayochemka, upepo ukaichukua, uwanja ukawa mweupe, kuku wakapiga chafya. Sijui kama kuku hupiga chafya, lakini wale walipiga.

Baba Ilunga akarudi kutoka kazini akatukuta hivyo. Matela imepasuliwa, mkewe na mgeni wa kike wamekaa chini, weupe umejaa mlangoni. Akavua kofia.

"Nani amekufa?"

"Paka matela," nikasema, yaani matela peke yake. Hakucheka.

Mama Kabedi akanyanyuka. "Shemeki, kaa." Hawakuwa ndugu, lakini alimwita shemeji ili ampate. "Muke yako hakulilie weye. Damu inamuaga. Mwili inawaka. Sasa weye unaleta mbabula, unafunga dirisha, unaweka bulangeti tatu. Na huyu mujinga anaongeza pamba, anaongeza tena, anamwaga na petroli. Munataka kumukaanga?"

Ilunga akageukia mkewe. Alikuwa mtu mkubwa wa karakana, anayeinua vyuma, lakini sauti yake ilitoka ndogo.

"Ulikuwa unanililia?"

"Nilikuwa nashuka sababu usiamuke," Mama Ngoie akasema. "Sirene ya karakana inakuita mapema. Miye minageuka, minageuka, weye unashituka. Nikasema, heri miye pa simenti, pale pa baridi, bwana alale."

"Sababu gani hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulienda kuuliza muntu wa matela."

Kila mtu akanitazama mimi. Nilitoa sufi puani.

Ilunga alivaa tena kofia. Kisha akaingia ndani, tukasikia msumari ukilia katika ubao, na dirisha likafunguka, na kichwa chake kikatokea humo. Akatoka na mbabula mikononi akaiweka uwanjani. Na hilo ni jema kwenu wote, wenye joto na wenye baridi: mbabula haina kazi chumbani mtu akilala. Ule moshi wake usioonekana unazima watu wasiamke tena.

Tukatengeneza kitanda mchana uleule. Nusu ya kushoto, ya ukutani, ikabaki sufi, ya Ilunga, na mablanketi yake yote matatu yakakunjwa yamtoshe yeye peke yake. Nusu ya kulia, ya dirishani, nikaitoa sufi yote nikajaza maganda ya mahindi niliyoyapasua membamba kwa sindano. Maganda hayashiki joto, yanapitisha hewa, na hayamzamishi mtu kama matope. Juu yake Mama Ngoie mwenyewe akatandika ule mukeka wa chini, kisha kitambaa chepesi cha pamba, na kingine akakikunja miguuni ili avute au asukume bila kumfunua mumewe. Dirishani tukatundika chandarua dhidi ya mbu. Kando tukaweka mtungi wa maji. Nikaunganisha nusu mbili kwa mshono wa katikati wa Baba Numbi, ule niliouita uvivu, na nilishona vibaya kwa sababu sikuwahi kujifunza.

Mama Kabedi aliongeza yake wakati mimi nashona: kahawa iishie asubuhi, pombe ya jioni iachwe maana inalaza kwa mkono mmoja na kuamsha kwa mwingine, chakula kizito kiliwe jua lingalipo. "Na moto ukikuya, usipigane nao. Kaa, kunywa maji, pumua polepole. Unapita. Kila siku uamuke saa ile ile, hata kama ulilala mubaya." Mama Ngoie alisema kwamba ya pombe mumewe pia aisikie. Ilunga akajifanya anachunguza chandarua.

Jumamosi kaka yake akafika. Mimi nilikuwepo kwa kisingizio cha kurekebisha mshono, ingawa ukweli mnaujua: nilitaka kuona. Mtu mrefu, vumbi la treni begani, hakukubali kiti.

"Mukeka iko wapi?" akauliza.

Ilunga akampeleka chumbani. Kaka akasimama mbele ya kitanda. Akatazama chini: simenti tupu. Akatazama juu: mukeka, umetandikwa juu ya matela, kando ya mablanketi. Akazunguka upande wa pili kama mtu anayenunua ng'ombe. Alijua mukeka wa chini una maana gani. Mukeka wa kitandani hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Na hii inasema nini?"

"Inasema bibi yangu anasikia moto," Ilunga akajibu, "na miye nasikia baridi. Ni ile tu. Kuya, tukule."

Kaka akamtazama dada yake. Mama Ngoie akajipepea na kile kifuniko, akakirudisha juu ya sufuria, akasema chakula kinapoa. Na huyo kaka, aliyekuja kuchukua mtu, akala mpaka akafungua mkanda.

Sitawadanganya kwamba alilala kama mtoto tangu siku ile. Nilipita tena mvua zilipoanza, akaniambia bado anaamka, lakini sasa anaamka akiwa kitandani, anakunywa maji, na usingizi unamrudia. Ilunga akaniambia yeye naye anaamka, kwa sababu ya kelele za maganda. Nikataka kuleta sufi. Wote wawili wakasema hapana kwa sauti moja.

Mtasema basi mzee alijifunza. Miaka ikapita, nikaoa, nikahamia mtaa wa Katuba, na mke wangu akafika umri huo. Mimi, fundi, sikungoja. Nilipasua matela, nikajaza maganda, nikatandika mukeka, nikamuita aje aone. Akatazama kitanda, akanitazama mimi.

"Umeniuliza?"

Nikamuuliza. Hakutaka maganda. Hakutaka mukeka. Alitaka dirisha liwe wazi na niache kulifunga akishasinzia.

Basi mwezi wa saba, mkipita Katuba asubuhi mkachungulia dirisha lisilofungwa, mkaona mwanamke amelala vizuri na kitambaa kimoja, na kando yake mzee mwenye koti, soksi na kofia ya sufu iliyovutwa mpaka masikioni, msiulize nani amekufa. Ni mimi, niko kazini.